Halmashauri zilipe wazabuni kwa wakati, bei za tenda zitashuka zenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo moja kuhusu manunuzi ya hizi halmashauri zetu ndogo za wilayani. Kila mwaka taarifa ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikisomwa bungeni mwezi wa nne tunapiga kelele wiki mbili, wameiba, wamekula, wakamatwe, alafu tunanyamaza mpaka mwaka unaofuata, na kwenye kelele zote hizo sijamsikia mtu akiuliza swali ambalo sisi wenye maduka tunaulizana kila siku. Kwa nini mfuko wa saruji ninaomuuzia mama anayejenga vyumba vyake viwili una bei moja, na mfuko wa aina hiyohiyo, unaotoka kwenye rundo lilelile stoo kwangu, ukienda kwenye shule ya serikali una bei nyingine ya juu?

Nina hadiwea kwenye mji mdogo ambao ndo makao makuu ya wilaya, jina la wilaya naliacha maana shida hii sio ya kwetu peke yetu na sina nia ya kumchafua mtu. Nauza saruji, nondo, bati, misumari, rangi na vifaa vya bomba. Mji wetu hauna kiwanda wala mgodi wala chuo kikubwa, kwahiyo mteja mkubwa kuliko wote ni halmashauri, yeye ndo anajenga madarasa, zahanati, vyoo vya shule na nyumba za walimu. Halmashauri ikinunua mji unachangamka, mpaka mama ntilie anajua. Kwahiyo ninaposema kuhusu manunuzi nasema kitu ninachokiishi.

Kwanza niseme ukweli, mambo yamebadilika na yanayobadilika vizuri tuyaseme. Zamani tenda ilikuwa ni tangazo limebandikwa ubaoni halmashauri pembeni ya tangazo la chanjo ya mifugo, unaenda kununua makabrasha kwa hela ambayo hairudi, unajaza, unagonga muhuri kila ukurasa, unafunga bahasha kwa lakiri unaenda kutumbukiza kwenye sanduku. Na kwa manunuzi madogo ilikuwa ni invoisi tatu, za maduka matatu ili bei zilinganishwe. Niliwahi kuletewa karatasi tatu za maduka matatu tofauti, kijana aliyetumwa alitaka mimi nigonge muhuri mmojawapo tu, zote tatu zimeandikwa "sarugi" badala ya saruji na zote tatu misumari ya inchi nne imewekwa kabla ya ya inchi tatu, yaani mtu mmoja amekaa kwenye kompyuta moja ametengeneza ushindani wa maduka matatu ndani ya nusu saa. Nilimrudishia karatasi zake. Sasa hivi tuna NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, imeanza 2023 ikaipokea ile TANePS ya mwanzo, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya mwaka huohuo wa 2023 imeulazimisha huo mfumo, ikaanza kutumika katikati ya 2024 na kanuni zake. Leo mimi nikiwa dukani na simu yangu naona tenda ya halmashauri ya jirani na ya mkoa mwingine kabisa, naomba bila kumjua mtu, na aliyeshinda anaonekana. Hicho ni kitu kikubwa, tusikidharau.

Ila NeST imeweka mwanga pale ambapo mzabuni anapatikana. Anavyolipwa bado ni gizani, na huko gizani ndo bei inapotengenezwa.

Ngoja nipige hesabu ambayo kila mwenye duka anaijua kichwani. Tuseme shule inataka mifuko 300 ya saruji. Mimi nainunua kwa wakala shilingi 17,000 na mteja wa taslimu namuuzia 18,000, faida yangu ni elfu moja kwa mfuko, jumla laki tatu. Mtaji wa kuagiza huo mzigo ni 5,100,000 na hela hiyo kwa mfanyabiashara wa kawaida wa wilayani ni ya mkopo, tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi, hiyo ni 153,000 kila mwezi. Halmashauri ikinilipa ndani ya mwezi mmoja nabaki na faida ndogo lakini ipo. Miezi miwili ikipita riba imeshafika 306,000, faida yote imeisha na nimeanza kula mtaji. Ikifika miezi sita riba ni 918,000, gawanya kwa mifuko 300 unapata kama shilingi 3,000 kwa kila mfuko. Na bado serikali ikinilipa inakata kodi ya zuio asilimia 2 kwenye bidhaa, ambayo mwisho wa mwaka inahesabika TRA sawa, ila kwa siku hiyo sio hela iliyopo mkononi. Kwahiyo mtu anayejua kwamba atasubiri nusu mwaka atafanya nini? Ataandika 21,000 au zaidi. Hapo hakuna aliyeiba senti, mkuu wa shule hajala, afisa manunuzi hajala, mimi sijala, na bado mwananchi amelipa elfu tatu zaidi kwa kila mfuko, hela ambayo imeenda kwa mkopeshaji. Hiyo ndo tunayoiita bei ya serikali, na huku mitaani imezoeleka mpaka mtu akija dukani kuuliza bei tunamuuliza kwanza, ni ya kwako au ni ya serikali?

Na hesabu hiyo ni ya yule anayejua kwamba atasubiri miezi sita. Kibaya zaidi ni kutokujua. Mkataba unataja siku za malipo, LPO (hati ya serikali ya kuagiza mzigo) unayo, delivari noti imesainiwa, invoisi umepeleka, risiti ya EFD umetoa, alafu unaanza kuzunguka. Ukienda uhasibu wanakwambia faili lipo manunuzi, manunuzi wanasema limerudi idarani kuna saini imekosekana, idarani wanakwambia mkuu wa idara yupo semina Dodoma, wiki inayofuata limefika uhasibu lakini mfumo umefungwa, mfumo ukifunguliwa hela haijaingia, ikiingia imeenda kwenye kitu kingine cha haraka. Wahudumu pale ni watu wazuri, wengi tunasali nao na watoto wetu wanasoma pamoja, wanakuita "mzee wetu kuwa na subira". Sawa, lakini mkopeshaji wangu hajui subira.

Naomba wahusika walisome hili taratibu. Kwenye mji wowote ambao malipo hayana foleni inayoonekana, watu wanagawanyika makundi mawili. Kuna anayesubiri, na kuna anayejua kwamba yeye hatasubiri, kwa sababu ana mtu wa kumkumbushia faili lake. Sasa hawa wawili wakiingia kwenye tenda moja kwenye NeST, anayesubiri ameweka 21,000 kwa sababu ya ile riba ya miezi sita, na mwenye mtu wake ameweka 19,000 maana anajua ndani ya wiki mbili hela iko kwenye akaunti. Mfumo utasema nini? Utasema mwenye 19,000 ndo wa bei ya chini, ashinde, na atashinda kihalali kabisa, kamati ya tathmini itakuwa safi, bodi ya zabuni itakuwa safi, hata mkaguzi akija atakuta kila kitu kiko sawa. Upendeleo ulitokea kwenye malipo ya mwaka jana na umekuja kushinda tenda ya mwaka huu. Nikisikia viongozi wanasema rushwa kwenye manunuzi imedhibitiwa kwa sababu kila kitu kiko kwenye mfumo huwa naumia moyoni, maana rushwa ya kupata tenda imepungua kweli, ila imehamia kwenye kulipwa, na anayeombwa "chochote" ili faili lake lisogee anaomba haki yake mwenyewe.

Matokeo yake ni kwamba wenye maduka wanajitoa mmoja mmoja. Hapa kwetu hadiwea zenye uwezo wa kuhudumia shule ziko kadhaa, lakini ukiuliza nani anaomba tenda za halmashauri utakuta ni walewale wachache. Wengine wamechoka. Jirani yangu alisema wazi kwamba bora auze mfuko mmojammoja kwa taslimu kuliko kuuza lori zima kwa karatasi. Alafu tunakaa tunashangaa kwa nini ushindani hakuna, kwa nini tenda inatangazwa mara mbili inapata mwombaji mmoja, kwa nini mzabuni anatoka mkoani na anaweka usafiri juu. Wanaoshindana wamefukuzwa na deni.

Kuna athari nyingine ambayo haionekani kwenye karatasi, nayo ni ubora wa mzigo. Mtu aliyecheleweshewa hela mara ya kwanza, mara ya pili anajifidia kwenye mzigo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na uzito wa kama kilo 10 na nusu na ushee, hii ni hesabu ya chuma haina siasa, mita moja ni gramu 888. Ya milimita 10 ni kama kilo 7 na nusu hivi. Kuna nondo zinaletwa zinaitwa za 12, ukiziangalia kwa macho huoni tofauti, ukiziweka kwenye mizani unakuta kilo 9, au unakuta urefu ni mita 11 na nusu. Kwa mtu mwenye nondo 200 za hizo kilo 9 hilo ni pengo la zaidi ya kilo 300 za chuma ambazo ziko kwenye invoisi na haziko kwenye jengo. Bati ni hivyohivyo, geji namba ikipanda unene unapungua, geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, zikishapakwa rangi na kupangwa kwenye lori mtu asiye na kipimo hawezi kujua, atakuja kujua upepo wa Agosti ukipita. Mchanga ndo usiseme, "tripu" imekuwa kipimo bila kusema ni tripu ya gari gani, ya tani tatu au ya tani saba.

Kamati za mapokezi za shule na vijiji zipo, zina mwalimu, mjumbe wa kamati ya shule, pengine na mama mmoja mwenye msimamo ambaye ndo anaokoa jahazi. Shida yao ya kwanza ni vifaa, kamati nyingi zinapokea nondo kwa kuhesabu tu, mizani hawana, futi ya kupimia wameazima kwa fundi. Ya pili ndo inarudi kwenye hoja yangu, shule inayodaiwa haina ubavu wa kukataa mzigo. Mwalimu mkuu anajua huyu mzabuni anaidai shule mifuko ya saruji ya tangu mwaka jana, leo ameleta nondo pungufu, amwambie nini? Akimrudisha hatarudi tena, na hakuna mwingine anayekubali kuleta kwa mkopo, na mkuu wa wilaya anakuja Ijumaa kukagua. Anasaini. Mimi simlaumu sana yule mwalimu, nalaumu deni lililomfikisha hapo.

Najua kuna watu watasema hizi halmashauri zinatumia force account sasa, yaani fundi wa mtaani analipwa kwa labour na vifaa shule inanunua yenyewe, kwahiyo mambo ya tenda kubwakubwa yamepungua. Ni kweli, na mimi naunga mkono, vituo vya afya vingi na madarasa mengi yamejengwa hivyo tangu miaka ile ya 2017 na kuendelea, na majengo mengine ni mazuri kuliko ya wakandarasi. Hela yenyewe mara nyingi inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule au zahanati, na hapo kulipa kunakuwa rahisi zaidi. Kumbukeni mwisho wa 2021, zile fedha za UVIKO, mkopo wa IMF wa trilioni 1.3, vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima kwa milioni 20 kila kimoja. Sisi wenye hadiwea tuliona kitu ambacho hatujawahi kukiona, mwalimu mkuu anakuja na hela ipo kwenye akaunti, anachagua duka, anabishana bei, anaenda kwa jirani kuulizia, anarudi, unamshushia. Huo ndo ushindani, hakuna aliyehitaji kumfundisha mtu ushindani ni nini, hela ikiwepo mezani ushindani unakuja wenyewe.

Ila hata pale kulikuwa na kasoro, na kasoro ilikuwa ya kalenda. Shule zote za nchi ziliingia sokoni kwa wakati mmoja na zote zilitakiwa zimalize kabla Januari watoto hawajafungua shule, saruji ikapanda, bati zikapotea, na milioni 20 ilikuwa ni ileile kwa anayejenga kilomita chache kutoka kiwanda cha Wazo Hill au Tanga na kwa anayejenga kisiwani Ukerewe ambako mfuko umevuka ziwa. Kila mwaka jambo dogo la aina hiyo linajirudia mwezi wa sita. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, miezi kumi mmekaa kimya, alafu Mei na Juni idara zote zinataka kununua kila kitu kabla hela haijarudi Hazina, LPO zinatoka kama mvua za masika, muda wa kutangaza haupo, muda wa kupima haupo, mwenye mzigo stoo ndo anashinda kwa bei anayoitaka. Mpango wa manunuzi wa mwaka upo, kila halmashauri inatakiwa kuuandaa na unawekwa kwenye mfumo, lakini mpango ambao haufuati hela inaingia lini ni orodha ya matamanio tu.

Kuna hili la makundi maalum, linaniuma. Sheria imesema asilimia 30 ya manunuzi ziende kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Nia ni nzuri sana. Lakini nendeni mkaangalie kikundi cha akina mama watano wanaoshona sare au vijana wanaotengeneza madawati, wamesajiliwa, wameingizwa kwenye NeST, wameshinda kazi ya madawati 60. Mtaji wameutoa kwenye ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Wananunua mbao na vyuma, wanachomelea, wanapeleka, mzigo unapokelewa na kupigwa picha. Malipo hayaji. Wakati huohuo afisa maendeleo ya jamii anawapigia simu kwamba marejesho ya mkopo yamechelewa, kikundi kitaandikwa kama wadaiwa sugu. Anayewadai ni halmashauri, na anayedaiwa na wao ni halmashauri ileile, ofisi mbili kwenye korido moja. Hicho kikundi kitaomba tenda tena? Kwa duka langu miezi sita ni maumivu, kwa kikundi cha namna hiyo miezi miwili ni kifo. Kama kweli tunataka ile asilimia 30 iwe ya maana, basi makundi haya yalipwe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, ndani ya siku kumi na nne, iandikwe hivyo.

Sasa mkurugenzi na mweka hazina wana utetezi wao na lazima tuwe wa haki. Hela ya ruzuku inatoka Hazina na haiji kwa tarehe iliyoandikwa kwenye bajeti, hilo tunalijua. Mapato ya ndani ya halmashauri za vijijini yanategemea sana ushuru wa mazao, na ule ushuru ulishushwa 2017 kutoka asilimia 5 kuwa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, mkulima akapumua, ni vizuri, ila mfuko wa halmashauri ukapungua na pengo halikuzibwa kirahisi. Na mazao yana msimu, huku kwetu hela inaonekana kuanzia mavuno, miezi ya masika ofisi ni kavu. Naelewa yote hayo. Lakini swali langu linabaki palepale, kama mnajua Februari hamna hela, kwa nini LPO inatoka Februari? LPO ni ahadi ya serikali, mtu anachukua karatasi ile anaenda nayo benki au kwa mkopeshaji kwa sababu ina nembo ya bibi na bwana. Kutoa LPO bila hela ni kumkopa mwananchi bila kumwomba.

Na dawa yake sio sheria mpya. Tumepata sheria 2001, ikafutwa 2004, ikaja nyingine 2011, ikarekebishwa 2016, ikaja hii ya 2023, zote zina vifungu vizuri. Mimi naomba kitu ambacho hakihitaji bunge. Kila halmashauri ibandike orodha ya madeni ya wazabuni, kwenye ubao wa matangazo na kwenye tovuti yake, kila mwezi. Tarehe invoisi ilipopokelewa, namba ya LPO, idara, kiasi, na tarehe iliyolipwa au kama bado. Basi. Anayetangulia kuleta alipwe kwanza, na akirukwa iandikwe pembeni kwa nini amerukwa, kama ni dawa za hospitali zimetangulizwa hakuna atakayelalamika. Mapato na matumizi ya kijiji tayari yanatakiwa kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kubandikwa, mwenyekiti wa kijiji anazomewa asiposoma, kwa nini mkurugenzi mwenye mabilioni asibandike madeni? Wenzetu Kenya, pamoja na matatizo yao makubwa ya madeni ya kaunti, Msimamizi wa Bajeti anachapisha kwenye ripoti zake kila kaunti inadaiwa kiasi gani, na gavana anaulizwa mbele ya kamera. Deni halijaisha kwa kutajwa, lakini angalau halijafichwa.

Tena naomba CAG atusaidie. Kwenye taarifa zake za serikali za mitaa huwa anaonyesha jumla ya madeni, sawa, lakini jumla haisemi nani amesubiri kiasi gani. Atupe siku. Halmashauri fulani inalipa kwa wastani wa siku ngapi tangu kupokea invoisi, nyingine siku ngapi, azipange. Mimi nikiona halmashauri jirani inalipa kwa siku 30 nitaomba tenda kule kwa bei ya taslimu na nitapeleka mzigo kwa furaha, na wenzangu watanifuata, na pale mfuko utashuka mpaka 18,000 bila semina yoyote ya ushindani. Halmashauri yenye sifa mbaya itaona bei zake zinavyopanda na wananchi wake watauliza kwa nini. Na hizo kamati za mapokezi zinunuliwe mizani ya kilo 100 na kipimo cha unene wa bati, kwa shule zote za kata moja vinatosha hata vya kuazimana, ni hela ndogo sana ukilinganisha na chuma kinachopotea.

Kuna wenzangu wameniambia nikiandika hivi nitakosa hata hicho kidogo ninachodai. Huenda. Ila nimeona watu wawili waliokuwa na maduka mazuri kwenye mtaa wangu wamefunga, mmoja sasa anaendesha bodaboda na bado ana LPO kwenye bahasha ya kaki nyumbani kwake, na hakuna taarifa yoyote ya ukaguzi itakayosema mtu huyu alifilisika kwa sababu alijenga darasa la watoto wa wilaya yake kwa mkopo.

Waheshimiwa madiwani, nyie sio wajumbe wa bodi ya zabuni na haitakiwi muingilie tathmini, hilo ni sahihi kabisa liendelee hivyo. Lakini madeni yanapita mbele yenu kwenye kamati ya fedha na kwenye baraza la robo mwaka, na hapo mna mamlaka yote. Kikao kinachokuja naomba hata diwani mmoja asimame amwulize mkurugenzi mbele ya wananchi: mpaka leo wazabuni wangapi wanatudai, ni kiasi gani, na invoisi ya zamani kuliko zote iliyoko kwenye mafaili yako ni ya tarehe ngapi?

Ahsante Mhariri kwa nafasi.

Msomaji wenu,
Mwenye duka la vifaa vya ujenzi,
Nyanda za Juu Kusini.